Aprili haina shida, shida ni 4

Watu wakisikia kwamba ninasafisha tarehe zilizoandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza humo humo, hunipa pole kwa sababu ya lugha mbili. Pole naipokea, ila si kwa hilo. Lugha zilinisaidia. Kilichonikondesha ni namba, ambazo kila mtu anaamini hazina lugha.

Kazi yenyewe ni ya chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, upande wa Hombolo hapa Dodoma. Walitaka kumbukumbu zao za mapokezi ziingie kwenye mfumo mmoja: nani kaleta, kilo ngapi, siku gani, kalipwa au bado anadai. Kilo hazikuleta maneno. Tarehe ndizo zilizokuwa na mambo, maana zilitoka sehemu nne. Kuna kaunta buku za karani, kuna stakabadhi za mnunuzi zilizojazwa kwa Kiingereza, kuna faili la Excel lililopitia ofisi moja mjini, na kuna fomu za kwenye simu zilizojazwa shambani. Ukizimimina zote kwenye safu moja unapata mchanganyiko kama huu:

3 Aprili 2019
3rd April 2019
tar 3/4/019
Jumatano 3/4/19
03-Apr-19
mwezi wa nne tarehe 3
2019-04-03
43558

Zote ni siku moja. Hiyo ya mwisho ni Excel ikiwa imevuliwa nguo: ndani kwa ndani yenyewe huhesabu siku kuanzia mwanzo wa mwaka 1900, na 43558 ni tarehe 3 Aprili 2019. Ile ya juu yake ni mtindo wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa kilichotoka mwaka 1988, mwaka mbele, mwezi katikati, siku mwisho. Laiti dunia nzima ingeandika hivyo, mimi ningekuwa nafanya kazi nyingine.

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo sehemu nyepesi.

Kwenye Python, lugha ninayoandikia programu, mkono huenda wenyewe kwenye strptime, amri ya kusoma tarehe. Unaieleza umbo la tarehe (siku, jina la mwezi, mwaka) nayo inasoma. Lakini jina la mwezi inalisoma kwa lugha ambayo programu imewekewa. Ukitaka iijue Aprili, inabidi uibadilishe lugha kwa setlocale, na hapo utakutana na vikwazo viwili. Sava nyingi ndogo hazikuwekewa sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania, kwa hiyo zinakukatalia papo hapo. Na hata ikiwepo, badiliko hilo ni la programu nzima, halichagui mstari. Ukiigeuza iwe ya Kiswahili, mstari wenye "April" unakwama. Ukiirudisha Kiingereza, "Aprili" inakwama. Safu yenye lugha mbili haisomeki kwa njia hiyo labda uwe unageuza lugha mbele na nyuma kwa kila seli, jambo ambalo simshauri mtu yeyote mwenye familia.

Wenzangu wa JavaScript, lugha ya programu za kwenye tovuti, wasicheke. Intl, chombo chake cha kuandika tarehe kwa lugha mbalimbali, inaandika "Jumatano, 3 Aprili 2019" vizuri kabisa, lakini kuisoma hiyo hiyo iliyoiandika haiwezi, kwa kuwa haikutengenezwa kwa ajili ya kusoma. Tena ukitengeneza saa sita usiku ya tarehe 3 Aprili kwa saa za hapa Dodoma, kisha ukaihifadhi kwa toISOString, amri inayoandika kwa saa ya dunia (UTC), inatoka tarehe 2 Aprili saa 21:00, kwa sababu sisi tuko saa tatu mbele ya saa hiyo. Mkulima kaleta zabibu Jumatano, mfumo unasema Jumanne. Halafu mtu anaambiwa kadanganya.

Majina ya miezi unayoyaona kwenye simu na kwenye programu nyingi yanatoka hazina moja inayotunzwa na Unicode, shirika la viwango vya maandishi ya kompyuta, inaitwa CLDR. Humo kuna Kiswahili, na si kibaya: Januari, Februari, Machi hadi Desemba, pamoja na vifupi vyake, Mac, Ago, Okt, Des. Kasoro ni kwamba hazina hiyo inajua Kiswahili sanifu tu. Huku mtaani Desemba ni Disemba kwa watu wengi, Februari ni Febuari, na karani akiwa mtu wa kubadilishana l na r utakutana na Februali na Apriri ukurasa kwa ukurasa. Wala tusijione sisi ndio wenye matatizo. Java, lugha nyingine ya programu, toleo lake la 16 lilipokuja na CLDR mpya, kifupi cha Septemba kwa Kiingereza cha Uingereza kilitoka "Sep" kikawa "Sept", na programu zilizokuwa zinasoma "05-Sep-2020" bila shida zikaanza kugoma. Kiingereza hicho hicho, cha Uingereza hiyo hiyo.

Kuna maktaba (vifurushi vya programu vilivyokwisha kuandikwa na wengine), dateparser ni mojawapo, ambazo zinajaribu kwanza kutambua lugha ya tarehe kisha ndipo ziisome. Kwa makala nzima ya gazeti wazo hilo lina maana. Kwa seli yenye maneno mawili halina. "12 Mei 2018" ni Kiswahili, ni Kiindonesia, ni Kimalei, ni Kiholanzi. "Januari" ni Kiswidi pia. "Mac" na "Julai" Wamalei wanaziandika kama sisi, herufi kwa herufi. Sasa unatambua nini hapo? Na ya nini kujisumbua, kama Mei ni mwezi wa tano kwa wote hao?

Kwa hiyo niliachana na kutambua lugha. Nikatengeneza jedwali moja, neno upande huu, namba ya mwezi upande ule, Kiswahili na Kiingereza vikiwa pamoja. Hawagombani hata kidogo. Jan, Feb, Apr, Jun, Jul, Sep na Nov ni zilezile kwa lugha zote mbili na zina maana ileile. "Mar" ni Kiingereza peke yake, "Mac" ni Kiswahili peke yake, zote zinakwenda kwenye 3. Hakuna jina la mwezi linalomaanisha mwezi huu kwa Kiswahili na mwezi mwingine kwa Kiingereza. Ukikaa ukalitafakari hilo, unaona kwamba tatizo la lugha mbili, lile ambalo watu wananipa pole, limeisha kwa jedwali moja.

Yapo mashimo madogo. La kwanza ni la miezi ya namba za maneno, "mwezi wa nne", "mwezi wa kumi na mbili". Tafuta ndefu kabla ya fupi, la sivyo "kumi na mbili" inasomwa "kumi" na zabibu za Disemba zinahamia Oktoba. La pili ni baya zaidi: ukitafuta "tatu" popote ndani ya maandishi, utaikuta ndani ya Jumatatu. Kila Jumatatu inakuwa Machi, kila Jumanne Aprili, kila Jumatano Mei, na Jumapili zote Februari. Siku za wiki zitolewe kwanza ziwekwe pembeni (zina kazi baadaye), kisha tafuta maneno kamili.

La tatu ni la makosa ya tahajia. Kuna kipimo cha umbali kati ya maneno, cha Levenshtein, kinachohesabu herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au zifutwe ili neno hili liwe lile. Februali iko hatua moja kutoka Februari, Disemba hatua moja kutoka Desemba, safi. Unajisikia mjanja. Halafu inakuja "May" ya Kiingereza kwenye programu yenye jedwali la Kiswahili tu. Kutoka May kwenda Mei ni hatua mbili. Kutoka May kwenda Mac ni hatua moja. Kompyuta inachukua ya karibu, na Mei ya Mwingereza inakuwa Machi bila hata kukohoa. Au "Juli", ambayo niliikuta kwa wingi: iko hatua moja kutoka Juni na hatua moja kutoka Julai. Hapo hakuna hesabu ya kukusaidia. Kanuni yangu ni kwamba neno la herufi tatu halikisiwi kamwe, na neno lililo sawa kwa umbali na miezi miwili linakwenda kwa binadamu.

Lakini angalia, haya yote ni makosa yanayoonekana. "Apriri" isiposomeka, programu inasimama na kusema hii sijaielewa. Unaiongeza kwenye jedwali, maisha yanaendelea.

Namba haisimami. Ukiipa 3/4/2019 inakubali tu. Kwa mtu wa hapa ni tarehe tatu mwezi wa nne, kwa kompyuta yenye mipangilio ya Marekani ni tarehe nne mwezi wa tatu, na hakuna hata mmoja anayeona kosa. Kwa mwaka, siku ambazo namba ya siku haizidi 12 ni 144. Toa zile 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama Sabasaba na Nanenane, ambazo hata uzigeuze vipi zinabaki zilezile. Zinabaki 132. Zaidi ya theluthi ya mwaka inaweza kusomwa vibaya na ikatoka tarehe halali kabisa.

Nilimuuliza karani, mama wa makamo ambaye kaunta buku zake zimepigwa mistari kwa kalamu nyekundu na rula, kila ukurasa.

"Shikamoo mama. Hii 3/4/019 ni mwezi wa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Wa nne. Kwani hapo kuna nini kigumu?"

"Wengine wanaanza na mwezi, mama."

"Nani huyo anaanza na mwezi?"

"Kompyuta."

Akanitazama, akarudi kwenye daftari. "Basi iambieni iache."

Kwenye kitabu chake nikaona kitu ambacho kwenye faili nililopewa hakikuwepo. Siku ya mavuno watu wanapanga foleni, kwa hiyo tarehe anaiandika mara moja tu juu, na mistari inayofuata anaweka vile vijialama viwili vya "kama hapo juu". Kijana aliyechapa data aliona alama, hakuona tarehe, akaacha seli wazi. Na ile "019" ni 2019, kama watu wengi wanavyoandika kwa mkono. Programu nyingi zikiiona zinaikataa, au zinaenda kukuletea mwaka 19, enzi za Warumi.

Mama alikuwa sahihi: iambieni iache. Maktaba ya dateutil, ambayo wengi wanaitumia bila kujua kwa kuwa imo ndani ya vitu vingine, usipoiambia dayfirst, yaani siku kwanza, inaanza na mwezi. Hilo lingevumilika kama ingekuwa na msimamo. Ukiipa 26/4/1964 inaona hakuna mwezi wa 26, inageuza kimyakimya na kukupa 26 Aprili. Ukiipa 9/12/1961 inaona 9 inafaa kuwa mwezi, inakupa 12 Septemba. Safu moja, mwandishi mmoja, usomaji wa aina mbili. Pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali, nayo ilikuwa na tabia hiyo hadi toleo la 2.0 la mwaka 2023, lilipoanza kuchukua umbo la tarehe ya kwanza na kulishikilia kwa safu nzima.

Ndiyo maana majaribio ya programu yangu ni sikukuu zetu. Uhuru, 9/12/1961: ikitoka Septemba, Tanganyika imepata uhuru karibu miezi mitatu kabla ya wakati. Mapinduzi ya Zanzibar, 12/1/1964, yasiende tarehe 1 Disemba. Azimio la Arusha naliandika kwa mwaka mfupi, 5/2/67, makusudi. Kwa strptime, mwaka wa tarakimu mbili kuanzia 69 hadi 99 ni wa karne iliyopita, na 00 hadi 68 ni wa karne hii, kwa hiyo Azimio linakuwa la mwaka 2067, bado halijatangazwa. Mkulima aliyezaliwa mwaka huo anakuwa hajazaliwa. Sabasaba na Nanenane siziweki kwenye majaribio. Haziwezi kukosea, kwa hiyo hazina cha kuniambia.

Jaribio jingine ni "April 2019", bila siku. Sahihi ni kusema siku haipo. Maktaba za dateparser na dateutil, usipozibana, zinajaza siku ya leo. Ukiendesha programu tarehe 17, mkulima kaleta zabibu tarehe 17. Ukiiendesha kesho, kaleta tarehe 18. Kubuni huku ndiko kunakonikera kuliko kukosea kote.

Sasa lile faili la Excel. Ofisi iliyolipitisha ilikuwa na kompyuta ambayo mipangilio yake ya nchi haikuguswa tangu ilipotoka kwenye boksi, yaani ya Marekani. Mtu akachapa 03/04/2019, Excel ikaigeuza kuwa 4 Machi, ndani ikawa 43528. Akachapa 13/04/2019, Excel haikupata mwezi wa 13, ikaiacha kama maandishi. Ukilifungua unaona tarehe nyingine zimelala upande wa kulia wa seli na nyingine kushoto. Watu wanadhani za kushoto ndizo mbovu, wanaanza kuzirekebisha. Ni kinyume. Za kushoto ni kama mtu alivyoandika. Za kulia ndizo zimeguswa.

Kuna namna ya kulithibitisha hilo bila kumuuliza mtu. Chukua tarehe zote ambazo Excel imezikubali, tazama siku tu. Kama katika faili zima hakuna hata moja inayozidi 12, umeshika. Wakulima hawaleti zabibu kuanzia tarehe moja hadi kumi na mbili kisha wakapumzika. Ile unayoiona kama siku ni mwezi. Zigeuze zote za kulia, zisome za kushoto kwa kuanza na siku, na usilifanye hilo mara mbili kwa faili lilelile, kwa hiyo andika mahali kwamba limeshafanyika. Seli ya asili usiifute kamwe. Safu moja ya maandishi kama yalivyokuja, safu nyingine ya tarehe uliyoielewa, na ya tatu inayosema umeielewaje.

Zilibaki stakabadhi zenye namba tupu ambazo sikujua nani aliziandika na kwa kompyuta ipi. Hapo ndipo siku za wiki nilizoweka pembeni zikaanza kazi. "Jumatano 3/4/19": tarehe 3 Aprili 2019 ilikuwa Jumatano, tarehe 4 Machi ilikuwa Jumatatu. Kesi imekwisha. Neno moja la Kiswahili limeamua ugomvi wa namba mbili.

Haliamui zote, na hili nililifurahia nilipokaa kulihesabu. Zipo jozi ambazo hata uzigeuze, siku ya wiki ni ileile: 3/12 na 12/3, 5/9 na 9/5, 7/11 na 11/7. Hizi ni za kila mwaka, uwe mrefu au mfupi. Jozi mbili za mwisho John Conway, mwanahisabati Mwingereza, alizitumia kwenye mbinu yake ya kujua siku ya wiki kichwani. Kwa mwaka wa siku 365 kama 2019 zinaongezeka 1/7 na 7/1, 1/11 na 11/1, na 2/8 na 8/2. Mwaka mrefu unazo nyingine. Jumla ni jozi sita kwa kila mwaka.

Kwa zilizobaki niliutumia msimu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Stakabadhi ya 9/5 yenye kilo mia nne haiwezi kuwa ya Mei. Ni 5 Septemba, aliyeandika alianza na mwezi. Kwa njia hii nyingi zilianguka zenyewe.

Isipokuwa 2/8 na 8/2. Tarehe 2 Agosti na tarehe 8 Februari, mwaka 2019, zote Ijumaa, zote katikati ya mavuno. Siku ya wiki haisaidii, msimu hausaidii. Kilichobaki ni majirani: namba ya stakabadhi iliyotangulia na inayofuata. Kama 118 ni ya Januari mwishoni na 120 ni ya Februari katikati, 119 haiwezi kuwa ya Agosti. Zile ambazo kitabu chake kimechanika au majirani nao ni namba tupu, nilizichapa kwenye karatasi nikampelekea mama karani na kaunta buku zake, na malipo yake hayakuhesabiwa hadi alipotia tiki.

Kuna suala la saa nimelikwepa. Karani anaandika "saa 2", mnunuzi anaandika "8:00", ni muda uleule, unaongeza sita na kusonga mbele. Lakini lori likiondoka "Ijumaa saa 7 usiku", je, ni usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi? Nimewauliza madereva wawili wanaokaa benchi moja wakanipa majibu mawili. Kwa safari za usiku mfumo unahifadhi maneno kama yalivyo na tarehe mbili zinazowezekana, basi.

Kwenye stakabadhi mpya kuna visanduku vitatu, na cha katikati kimeandikwa MWEZI KWA MANENO. Karani anaandika Feb, mnunuzi anaandika February, na mzee mmoja wa huko huko Hombolo anaandika "wa pili". Zote zinasomeka.